Nilikuwa Naosha Kichwa cha Bolti: Mwongozo wa Kutunza Vyuma vya Kayaki kwenye Maji ya Chumvi

Bolti yenyewe ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Ndiyo iliyoshika usukani wa kayaki ya watu wawili, na asubuhi hiyo ya mwezi wa saba kusi ilikuwa imeshaanza kukaza. Tulikuwa katikati ya hori ya Kilifi, mgeni mbele, mimi nyuma, mawimbi yanatupiga ubavuni. Nikakanyaga pedali ya kushoto ili tuelekeze omo kwenye upepo. Mguu ukazama tu, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kugeuka nyuma, usukani umelala upande, unaning'inia kwa waya mmoja. Tulirudi kwa makafi matupu, safari ya nusu saa ikawa saa nzima na zaidi, na namshukuru Mungu mgeni wangu alikuwa mtu mtulivu.

Jioni niliichomoa nusu ya bolti iliyobaki. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama cha dukani. Shina, lile lililokuwa limejificha ndani ya bano, lilikuwa limeliwa hadi likabaki jembamba kama njiti ya kiberiti, limejaa vishimo vyeusi, na pale lilipokatikia pana rangi ya kahawa. Wala halikuwa chuma cha kawaida. Ilikuwa stenlesi, na kila jioni nilikuwa naimwagia maji ya bomba. Nilikuwa naosha kichwa tu.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kayaki moja ya kuvulia, na wewe unayetunza kumi za wageni hotelini. Mengi yaliyomo yalinichukua miaka kuyajua, na sioni sababu yakuchukue wewe hata msimu mmoja.

Chumvi haikauki

Tumezoea kusema bahari inakula chuma. Kwa boti ya injini inayolala majini mwaka mzima, ni kweli. Kayaki ni habari nyingine. Inakuwa majini saa mbili, tatu, kisha inalala bandani mchana kutwa na usiku kucha. Huko bandani ndiko inakoliwa.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka juu ya bolti, chumvi inabaki, na ikibaki haitulii. Chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, huanza kunyonya maji kutoka hewani mara unyevu unapofika kama asilimia 75. Ya baharini imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi, kuanzia asilimia 33 hivi. Usiku wa Kilifi, wa Tanga au wa Unguja haukauki kiasi hicho. Ndiyo maana kopo la chumvi jikoni hulowa wakati wa masika, na ndiyo maana bolti unayoiona kavu saa nane mchana, usiku imevaa utando wa maji yenye chumvi kali kuliko bahari. Kwa kuwa utando ni mwembamba, oksijeni ya hewani huupenya kirahisi ikafika kwenye chuma, na bila oksijeni kutu haioti. Ongeza joto letu, maana joto huharakisha kazi hiyo yote, uone kwa nini kusuuza kayaki mara moja kwa wiki huku kwetu hakutoshi.

Kwa hiyo usikimbilie kununua mafuta na dawa kabla hujaiweza kazi ya kwanza, ambayo ni kuiondoa chumvi siku hiyo hiyo, kabla haijakauka. Ikishakauka ndani ya meno ya bolti hutoka kwa shida.

Anza na maji yenyewe. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na bomba nyingi za nyumbani na hotelini zinavuta kutoka visima hivyo hivyo. Onja kabla hujaosha. Maji ya chumvichumvi yanafaa kuondolea mchanga na ile chumvi nyingi ya mwanzo, kwa sababu hata hivyo ni matamu kuliko bahari. Lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, na kama una pipa la maji ya mvua, hayo ndiyo bora kuliko yote.

Najua ziko sehemu ambako debe la lita 20 linanunuliwa, na kumwambia mtu amwage madebe mawili kwenye kayaki ni kumkosea. Lita moja inatosha ukiipeleka mahali pake. Chukua chupa ya maji ya plastiki, toboa mfuniko wake kitundu kimoja kwa msumari wa moto. Ukiikamua inatoa mchirizi mwembamba wenye nguvu. Achana na ubavu wa kayaki. Plastiki haishiki kutu. Peleka mchirizi kwenye pini ya usukani, chini ya kichwa cha kila bolti, kwenye midomo ya mirija inayopitisha waya, ndani ya reli za pedali, kwenye kila springi. Na wakati maji yanaingia, chezesha kitu chenyewe: usukani kushoto na kulia, pedali mbele na nyuma, bizimu ifungue uifunge. Maji hayaingii mahali palipobana mpaka pachezeshwe. Hilo ndilo nililokuwa silifanyi mimi.

Utajuaje kwamba chumvi imetoka? Mzee mmoja, fundi wa madau, alinionyesha. Nilikuwa nimemaliza kuosha, nimeridhika, akasogea, akapitisha kidole nyuma ya usukani, akakitia ulimini. "Mwanangu, hii bado bahari," akasema. Tangu siku hiyo sina kipimo kingine. Pitisha kidole pale usipopaona, onja, rudia maji mpaka ulimi usisikie kitu.

Usisahau ndani. Nati za vishikizo vya sitahani na za kiti zimekaa upande wa ndani wa kayaki, kwenye kiza, na maji yanayobaki ngamani hugeuka mvuke joto likipanda, yakapanda juu na kuzilowesha kila siku. Kayaki iliyofungwa mifuniko yote na kuwekwa juani ni chungu cha kuchemshia kutu. Suuza ndani, igeuze kifudifudi, toa vizibo, mifuniko iache wazi nusu, na iweke penye kivuli kinachopitisha upepo. Banda la makuti ni zuri sana kwa hili. Lisiwe tu karibu na mwamba wa mawimbi, ambako rasharasha za bahari hufika hadi ndani, ukawa unasuuza jioni na bahari inarudisha chumvi usiku.

Vyuma viwili visigusane

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivisha manowari yake iitwayo Alarm mabamba ya shaba chini ya usawa wa maji, ili fukusi wasitoboe mbao. Mabamba yalipigiliwa kwa misumari ya chuma. Meli ikatumwa visiwa vya Karibi, na ilipokaguliwa mwaka 1763 mabamba mengi yalikuwa yamebanduka, kwa kuwa misumari ilikuwa imeliwa. Kuna misumari michache iliyokutwa mizima, na wakaguzi wakaona sababu: chini ya vichwa vyake kulikuwa kumebaki vipande vya karatasi ya kahawia, ile iliyofungia mabamba yalipoletwa. Karatasi tu, lakini iliizuia shaba isigusane na chuma.

Kilichotokea pale kinatokea kwenye kayaki yako leo. Vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na kile kilicho dhaifu zaidi ndicho kinacholiwa ili kile kingine kibaki kizima. Kwa udhaifu, zinki iko mwanzo, kisha alumini, kisha chuma cha kawaida. Shaba na brasi ziko katikati. Stenlesi nzima na titani ziko upande wa nguvu, na nyuzi za kaboni, ingawa si chuma, ziko kule mwisho kabisa. Kadiri viwili hivyo vinavyoachana katika mpangilio huo, ndivyo kile dhaifu kinavyoliwa haraka. Basi tazama kayaki yako kwa jicho hilo. Reli ya pedali ni ya alumini, imeshikwa na bolti ya stenlesi. Kichwa cha usukani ni cha alumini, pini yake stenlesi. Kafi la nyuzi za kaboni lina kiungo cha alumini katikati. Kila mahali palipo na ule unga mweupe unaofanana na chokaa, alumini inaliwa.

Dawa yake ni ile karatasi ya kahawia, ila siku hizi iko ya nailoni. Weka washa ya nailoni kila mahali stenlesi inapokutana na alumini, chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati pia. Shina la bolti nalo lisiguse ukuta wa tundu. Panua tundu kidogo, uvike bolti kipande cha mrija mwembamba wa plastiki. Ukikosa washa za duka, kata duara kutoka kwenye chombo cha plastiki ngumu kama dumu la mafuta ya kupikia. Nimewahi kutumia hivyo msimu mzima na hazikupasuka.

Fundi wa madau analijua jambo hili kwa njia yake. Kabla hajapigilia msumari huuzungushia shingoni uzi wa pamba uliolowa mafuta, na pamba hiyo huziba tundu na kuzuia maji yasifike kwenye chuma.

Kuna jambo la ukubwa linalowapotosha wengi. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini huleta madhara ya polepole, kwa sababu ulaji umeenea mahali pakubwa. Geuza: ribiti ndogo ya alumini inayoshika bamba kubwa la stenlesi inaweza kwisha kwa muda mfupi sana, maana bamba lote linaila ribiti moja. Ukitengeneza kitu, kile kidogo kinachoshikilia kiwe cha chuma chenye nguvu kuliko kinachoshikiliwa, au angalau vilingane.

Na ribiti zenyewe zichunguze. Nyingi za madukani mwili ni alumini lakini msumari wa ndani, ule unaovutwa ukakatika, ni chuma cha kawaida. Kichwa chake hubaki ndani ya kayaki, kinaota kutu, kinachora michirizi ya kahawia kwenye plastiki na kuilegeza ribiti. Kabla ya kununua, pitisha sumaku kwenye msumari, ikinasa, iache.

Watu huniuliza kama wafunge kipande cha zinki kwenye usukani, kama zile zinki zinazofungwa kwenye boti za injini. Kwa kayaki ni kazi bure. Zinki inalinda wakati imezama pamoja na chuma inachokilinda, na kama nilivyosema, hatari ya kayaki iko nchi kavu.

Stenlesi unayouziwa

Neno lenyewe limefanya watu waamini kwamba stenlesi haishiki kutu. Inashika. Inachofanya ni kujivisha ngozi nyembamba isiyoonekana, inayotokana na kromiamu iliyomo ndani yake ikikutana na oksijeni. Ngozi ikikwaruzwa hujiponya yenyewe, mradi oksijeni ifike. Kloridi ya chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo, na mahali ambapo hewa haifiki, kama chini ya washa, ndani ya bano au chini ya utepe wa gundi, haiponi. Hapo hutokea kilichoiua bolti yangu: kichwa kizima, shina limekwisha.

Aina unazokutana nazo ni mbili. Ya kwanza, ile ya sufuria na masinki, ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Kwenye kichwa cha bolti imeandikwa A2. Ya pili imeongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili kloridi vizuri zaidi, imeandikwa A4. Kwa chochote kinachobeba uhai wako, usukani, kishikizo cha kuvutia, bolti za kiti, nunua A4. Tafuta maandishi kichwani. Bolti isiyoandikwa kitu, hata ikimetameta vipi, ichukulie kwamba ni chuma kilichopakwa zinki nyembamba, na hicho kwenye maji yetu hakimalizi msimu. Sumaku itakusaidia kukataa chuma cha kawaida, maana kinanasa kwa nguvu. Haitakusaidia kutofautisha A2 na A4, na bolti nzuri nayo inaweza kuvutwa kidogo kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa kiwandani.

Madoa ya kahawia juu ya stenlesi, kama ya chai iliyomwagika, si mwisho wa dunia lakini ni onyo. Sugua kwa nusu ya ndimu, acha dakika chache, suuza sana. Usichanganye na chumvi wala majivu kama wanavyosugua sinia za shaba nyumbani. Na nakuomba vitu viwili usivipeleke karibu na kayaki. Kimoja ni dawa ya kufulia yenye klorini, ambayo wengi wetu huitumia kuondoa ukungu kwenye kiti; klorini hiyo huitoboa stenlesi vibaya kuliko bahari. Cha pili ni sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Inaacha vipande vidogo visivyoonekana, vinaota kutu juu ya bolti, na unadhani bolti imeanza kuoza kumbe umeipanda kutu kwa mkono wako. Tumia sponji la kijani la plastiki.

Hata silikoni ya kuzibia ina yake. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, hiyo inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye bolti unayotaka kuilinda. Ziko silikoni zisizonuka siki, zinazofaa kwa vyuma. Ukiwa dukani, omba hiyo.

Grisi, mafuta, na mahali pasipotakiwa vyote viwili

Stenlesi juu ya stenlesi ina ugonjwa wa kung'ang'aniana. Unakaza nati, inakwenda vizuri, ghafla inakataa kwenda mbele na nyuma, na ukilazimisha bolti inakatika. Haihitaji kutu kufanya hivyo. Ni meno yanayosagana na kushikamana. Kwa hiyo hakuna bolti ya stenlesi inayofungwa ikiwa kavu. Paka meno grisi isiyooshwa na maji, ile ya injini za boti, au lanolini, yaani mafuta ya sufi ya kondoo. Ukivikosa, vaselini ya kawaida ni bora kuliko ukavu. Kaza polepole kwa spana ya mkono.

Kopo la WD-40 karibu kila banda linalo, na linatumiwa visivyo. Herufi zake mbili zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na 40 ni fomula ya arobaini, iliyopatikana Marekani mwaka 1953. Basi litumie kwa kazi hiyo: baada ya kusuuza, puliza kwenye pini na springi lifukuze maji yaliyobaki. Halikai. Baada ya siku chache pamebaki pakavu, na kama hukufuata na grisi hujalinda kitu. Wala usipulize juu ya chumvi ukidhani umeosha, umeifunika tu.

Mafuta ya nazi tunayapenda na yapo kila nyumba. Kwa kafi la mbao sawa. Kwenye bolti huganda, huchacha, hunasa mchanga, na mafuta yaliyochacha huanza kuila shaba ikageuka kijani. Oili chafu ya gari sitaki hata kuiona ufukweni. Kaa na samaki wa kwenye mikoko hawana kosa lolote.

Mpira wa mifuniko usiupake vaselini wala grisi ya petroli, utavimba na kulainika. Na kiungo cha kafi la vipande viwili kisipakwe chochote. Mchanga ukikutana na grisi mle ndani, vinakuwa msasa. Kila unapotoka majini tenganisha kafi, suuza vipande vyote viwili pamoja na kile kitufe chenye springi, viache viachane hadi safari nyingine. Nimeona makafi mazuri ya alumini yaliyoachwa yameungana mwezi mmoja, hayakutoka tena ila kwa msumeno.

Waya

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu waya wa usukani hukatika bila kutoa taarifa kwa mtu asiyeutazama, na kwa anayeutazama hutoa taarifa wiki nyingi kabla.

Waya huo umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi za stenlesi. Kati ya nyuzi kuna nafasi, na nafasi hizo hunywa maji ya bahari kama utambi wa taa. Unapopita ndani ya mrija wa plastiki hewa ni chache, na tumeshaona stenlesi inavyokuwa ikikosa hewa. Sehemu zinazokufa kwanza ni tatu: pale waya unapotokea kwenye mrija karibu na tezi, pale unapopinda kwenye kichwa cha usukani, na pale ulipobanwa kwa kifungo.

Shika kitambaa cha pamba, si mkono mtupu, uuvute waya mzima kati ya vidole pole pole. Uzi mmoja uliokatika utanasa kitambaa. Ukitumia mkono mtupu utanasa nyama, na kidonda cha waya wenye chumvi hakiponi haraka. Simama hapo uliponasa, tazama kwa karibu mchana mweupe. Ukiona unga wa kahawia unatoka kati ya nyuzi unapoukunja, au nyuzi mbili zimekatika sehemu moja, toa waya wote. Usikate kipande na kuunga.

Vifungo vya kubania vinauzwa vya alumini na vya shaba. Vya alumini ni rahisi na vinabana kwa urahisi, lakini alumini ndogo juu ya waya wa stenlesi ni ile ribiti niliyoisema, italiwa ndani kwa ndani. Nunua vya shaba, au vya shaba iliyopakwa nikeli.

Wengine, nami nimo, wameacha waya kabisa na kuweka kamba ya nyuzi za plastiki iitwayo Dyneema, yenye unene wa milimita 2 au 3. Haishiki kutu kwa sababu haina cha kushika. Ina masharti yake: inateleza, hivyo fundo la kawaida hufunguka, na inataka mdomo wa mrija uwe laini usio na makali, la sivyo utaikata. Siku chache za mwanzo hulegea, unaikaza tena. Nikishafanya hayo nalala usingizi.

Na kwa kweli jiulize hivyo kwa kila kipande cha chuma kilichomo: je, lazima kiwe chuma? Wainuit waliozianzisha kayaki huko kaskazini ya dunia walifunga fremu za mbao kwa ngozi na kano, wakazivisha ngozi za sili. Hapa kwetu mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Vyombo viwili vilivyozaliwa mbali hivyo, vyote viliivuka bahari bila msumari. Pete ya chuma ya sitahani inaweza kuwa kitanzi cha ukanda wa nailoni. Karabina ya kufungia kafi inaweza kuwa fundo. Kitoroli cha kubebea kayaki kichagulie magurudumu yenye bushi za plastiki, usichukue ya gololi.

Mwezi wa nne

Masika yakianza na wageni wakipungua, toa kila bolti. Ndiyo, kila moja. Sehemu ambayo haijafunguliwa mwaka mzima ndiyo iliyooza, na hutaijua kwa kuitazama kwa nje. Panga bolti juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ulivyozitoa, zitie kwenye maji matamu usiku mzima, zipige mswaki wa meno uliokwisha kazi, zikaushe. Kila moja izungushe kwenye mwanga. Yenye kishimo kimoja cheusi shinani itupe, hata kama meno bado ni mazima. Kishimo unachokiona mlango wake ni mdogo kuliko chumba chake.

Bolti iliyogoma usiipigie moto, plastiki ya kayaki inalainika upesi na ukishaiharibu umbo hairudi. Iloweshe mafuta ya kupenya usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kufungua, jaribu kuikaza kidogo sana, nywele tu. Mara nyingi hapo ndipo kutu inapovunjika. Isipokubali, kata nati kwa msumeno wa chuma na usihuzunike, bolti mpya ni rahisi kuliko tundu lililopanuka.

Wakati wa kurudisha, nati zenye pete ya nailoni ndani usizirudie, nunua mpya, kwani pete ikishatumika mara moja haibani tena vizuri. Weka washa mpya, grisi kwenye meno, silikoni isiyonuka siki chini ya vile vinavyopenya sitaha. Kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko weka akiba ya safari: bolti mbili za usukani, nati zake, pini, mita mbili za kamba, spana ndogo. Kikopo hicho kinasafiri na kayaki kila siku.

Siku ya kwanza ya kurudi majini usiende mbali. Kaa kwenye maji ya kiunoni, kanyaga pedali kushoto na kulia mara ishirini, inua usukani, ushushe, sikiliza kama kuna kinachokwaruza. Kisha rudi ufukweni uzikaze tena nati za usukani robo mzunguko, kwa sababu washa za nailoni zikishabanwa hulala kidogo.